Kipandikizi Kianzie kwa Kibogoyo

Mtu wa kwanza kuwekewa meno juu ya vipandikizi vya titani hakuwa akitafuta tabasamu la kupigia picha. Gösta Larsson wa Sweden alizaliwa na kasoro ya taya na kaakaa. Mwaka 1965, alipolala mbele ya Per-Ingvar Brånemark mjini Gothenburg, alikuwa na miaka 34, taya la chini halina jino, kula shida, kusema shida. Brånemark mwenyewe hakuwa daktari wa meno. Alikuwa mtafiti ambaye tangu mwaka 1952, akichunguza damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura, aliona kwamba kifaa chake cha titani kimeshikana na mfupa na hakikubali tena kutoka. Larsson akawekewa vipandikizi vinne, akavitumia hadi alipofariki mwaka 2006. Leo, matangazo ya kliniki katika miji yetu mikubwa yanatuonyesha mtu mwingine kabisa: kijana mwenye ngozi nyororo, meno ya juu yamepangika, bei ya ofa imeandikwa pembeni. Ni nadra kumwona mzee humo, na taya la chini halionekani kabisa. Hoja yangu katika mjadala huu ni moja: kipandikizi cha jino ni tiba nzuri sana inayouzwa zaidi pale inapohitajika kidogo, na kama kuna mtu wa kutangulizwa, hasa kwa fedha ya umma, ni yule ambaye taya lake la chini halina jino hata moja. Wapinzani wa hoja hii nitawaachia waseme wenyewe. Msiwatafute mitaani, ni hoja nilizozivika kanzu na gauni ili zipate kusikika.

Mwenye kliniki: Ndugu mwandishi, usitufukuzie wateja. Jino likishatoka, pengo halitulii. Jino la jirani linalalia upande, la juu linashuka, na mfupa unapungua kila mwezi. Mtu akingoja mwaka mzima, atakuja kuambiwa mfupa hautoshi, aanze kwanza kuongezewa. Kila jino lililong'olewa linastahili mrithi, tena mapema.

Kuhusu mfupa anasema kweli. Jino likishang'olewa, ukingo wa taya mahali pale hupoteza hadi nusu ya upana wake katika miezi 12, na theluthi mbili ya upotevu huo hutokea ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Lakini mfupa kupungua peke yake si ugonjwa. La kuuliza kwanza ni kitu gani mwenye kinywa kile ameshindwa kukifanya, na hapo ushahidi hauko upande wa mwenye kliniki kama anavyodhani. Mwaka 1981 Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alionyesha kwamba watu wasio na magego ya nyuma wanaweza kutafuna vizuri ilimradi meno ya mbele na magego madogo yawepo na yakutane. Wazo hilo la safu fupi ya meno lilipimwa hapa kwetu pia. Paulo Sarita wa Muhimbili na wenzake wa Nijmegen waliwachunguza Watanzania zaidi ya mia saba wenye safu fupi, wakawalinganisha na wenye meno kamili, na mwaka 2003 wakachapisha matokeo: aliyebaki na magego madogo pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, anatafuna kwa kiwango kinachomtosha. Malalamiko mazito yalikuwa kwa wale waliopoteza hadi magego madogo. Hata ile hofu ya meno kuhamahama na kulaliana, dalili zake zilijitokeza kwa hao wa mwisho, si kwa wale wenye upungufu wa kawaida. Shirika la Afya Duniani nalo, tangu mwaka 1992, limekubali meno 20 ya asili kuwa kinywa kinachofanya kazi. Kwa hiyo mtu aliyepoteza gego moja au mawili ya nyuma, anayekula bila shida na wala pengo halimkeri, anaweza kuambiwa waziwazi akae hivyo na alinde yaliyobaki. Ushauri huo hauna risiti nono, na labda ndiyo sababu hautolewi sana.

Pengo la mbele nalitenga na maneno hayo. Pwani mwanya husifiwa, na Wamasai kwa vizazi wameng'oa meno mawili ya chini ya mbele kwa desturi yao. Lakini kijana wa mjini aliyeanguka na bodaboda akapoteza jino la juu la mbele hana desturi ya kumtetea mbele ya anayemhoji kazi. Wapo pia watu wazima waliochimbuliwa fizi utotoni na waganga wakiambiwa wana "meno ya plastiki", eti ndiyo yaliyokuwa yakileta homa na kuharisha, kumbe yaliyong'olewa ni machipukizi ya meno ya chonge, na mengine ya kudumu yaliyokuwa chini yake yakaharibika. Kwa watu hawa, pale ambapo meno ya jirani ni mazima, kipandikizi kina faida ambayo daraja la meno halina: ili kuweka daraja, daktari husaga meno mawili yasiyo na kosa apate pa kulishikiza. Cha kuzingatia ni umri. Kipandikizi hakikui pamoja na taya, na akiwekewa mtoto wa miaka 14, miaka michache baadaye jino hilo litaonekana limebaki juu wakati wenzake wameshuka.

Bibi: Mwanangu, wewe unahesabu meno ya watu kwenye karatasi. Mimi yangu ya chini yamo ndani ya bilauri. Nikiyavaa, ulimi unayarusha. Nikitafuna, yanachubua. Nikicheka, mkono mdomoni. Harusini nayavua, nayafunga kwenye leso, ndipo nile pilau. Aliyenitengenezea aliniambia nitazoea. Nitazoea lini?

Bibi hana uzembe wowote. Seti ya juu hukaa kwa sababu inafunika kaakaa lote, na utando wa mate kati ya plastiki na kaakaa huivuta ikashika. Seti ya chini haina kaakaa la kushika. Inakaa juu ya ukingo mwembamba wenye umbo la kwato, huku ulimi ukiisukuma kutoka ndani na misuli ya mashavu kutoka nje, na ukingo wenyewe unazidi kushuka mwaka hadi mwaka hadi panabaki pahali tambarare pasipo na kitu cha kuzuia mteremko. Fundi anaweza kuyachonga meno ya kupendeza namna gani, hawezi kuuongeza ukingo huo. Sasa chukua vipandikizi viwili tu, uviweke mbele ya taya la chini, pale yalipokuwa meno ya chonge, ambapo mfupa hubaki mzuri hata kwa wazee wengi. Juu ya kila kimoja kuna kichwa kidogo cha duara, na ndani ya seti ya meno kuna kishikizo kinachobana juu yake. Mzee anaivaa kwa kuibonyeza na kuivua mwenyewe usiku akaiosha. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walitamka kwamba kwa taya la chini lisilo na jino, seti iliyoshikizwa kwa vipandikizi viwili iwe ndiyo chaguo la kwanza, na seti ya kawaida isihesabiwe tena kuwa chaguo la kwanza linalofaa zaidi. Wenzao wa Uingereza waliunga mkono mwaka 2009. Yapo hata majaribio ambamo kipandikizi kimoja katikati ya kidevu kiliwaridhisha wagonjwa karibu sawa na viwili. Nisitie chumvi: kwamba wazee hao hupata lishe bora zaidi, ushahidi wake ni wa mashaka mashaka. Kilichothibitika tena na tena ni kwamba wanatafuna vyakula vigumu kwa raha zaidi, wanaumia kidogo, na wanaridhika kuliko wenye seti inayoelea.

Mhasibu wa afya: Maneno ya Bibi yanatia huruma, ila bajeti haijazwi kwa huruma. Katika kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani kuna madaktari wa meno 0.33 kwa kila watu 10,000, karibu sehemu ya kumi tu ya wastani wa dunia. Watoto wanalala na maumivu ya meno yaliyotoboka. Na ninyi mnataka tuagize skrubu za titani?

Huyu ndiye mpinzani ninayemwogopa, kwa kuwa karibu kila alichosema ni kweli. Dunia ina watu wapatao bilioni 2 wenye meno ya kudumu yaliyotoboka bila kutibiwa, na tiba ya tatizo hilo haihitaji titani. Mojawapo ya mbinu bora za kulitibu ilizaliwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, pale Jo Frencken na wenzake walipoonyesha kuwa jino bovu linaweza kukwanguliwa kwa vifaa vya mkono na kuzibwa bila umeme, bila mashine ya kukereza, mara nyingi hata bila sindano ya ganzi. Simenti inayotumika kwa kazi hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, iliingizwa mwaka 2021 kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Japani ilianzisha mwaka 1989 kampeni ya kumfikisha kila mtu miaka 80 akiwa na meno 20. Wakati huo waliofika hapo hawakuzidi mmoja kati ya kumi, na uchunguzi wa mwaka 2016 ukakuta wamevuka nusu. Hawakufika huko kwa kupandikiza. Kwa hiyo kama kuna waziri wa afya anayefikiria kununua vipandikizi kabla ya kuhakikisha kila kituo cha afya kina mtu wa kuziba meno, mhasibu amzuie, nami nitamshikia kalamu.

Ila hesabu ya mhasibu imeruka safu moja. Bibi hakufika kwenye bilauri kwa kupenda kwake. Alikwenda na jino linalouma, zahanati ikawa na koleo na ganzi, haikuwa na simenti wala mashine ya picha, jino likang'olewa. Akarudi na la pili, likang'olewa. Kwa miaka mingi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki hiyo ndiyo iliyokuwa huduma ya umma ya meno, na watu waliohudumiwa hivyo sasa wamezeeka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa duniani, kati ya watu wenye miaka 60 na zaidi, asilimia 23 hawana jino hata moja. Kuwaambia kwamba fedha zote ziende kwenye kinga ni kuwaadhibu mara mbili kwa kinga ambayo hawakupewa. Wala sidai mamilioni ya vipandikizi. Nadai viwili viwili, katika hospitali za rufaa na za kufundishia ambako wanafunzi wa udaktari wa meno wanahitaji kujifunza upasuaji huu hata hivyo, kwa wazee waliokwisha kujaribu seti ya kawaida iliyotengenezwa vizuri na ikawashinda. Hiyo ni kazi ndogo kuliko inavyosikika, na seti yenyewe fundi wa maabara ya meno wa hapahapa anaitengeneza.

Mwenye kliniki: Umekaa na mhasibu mpaka ukaisahau sayansi. Katika tafiti za jino moja moja, kama vipandikizi 95 kati ya 100 bado viko mahali pake baada ya miaka 10. Tiba gani nyingine ya meno inajivunia hivyo? Kwa nini nimnyime anayeweza kulipa?

Asimnyime, lakini amsomee takwimu zote. Asilimia 95 inahesabu vipandikizi vilivyobaki mfupani, na kubaki si sawa na kuwa na afya. Nyingi ya tafiti hizo zilifanywa na mabingwa juu ya wagonjwa waliochaguliwa. Sweden, nyumbani kwa Brånemark, ilipata nafasi ya kuangalia hali halisi, kwa kuwa bima ya taifa ilichangia gharama na majina yalikuwepo kwenye daftari. Jan Derks na wenzake waliwafuatilia watu waliopandikizwa mwaka 2003. Baada ya miaka 9, asilimia 7.6 ya wagonjwa walikuwa wamepoteza angalau kipandikizi kimoja. Kati ya wale karibu 600 waliochunguzwa vinywa, asilimia 14.5 walikuwa na uvimbe unaokula mfupa uliofikia hatua ya kati au mbaya, na ukihesabu hata dalili za mwanzo, idadi inafika asilimia 45. Hiyo ni nchi yenye madaktari wa meno wa kutosha na wagonjwa waliozoea kuitwa kwa uchunguzi.

Chanzo cha balaa hilo kiko kwenye ule ule mshikamano uliomshangaza Brånemark. Jino la asili halijagandana na mfupa. Limening'inizwa kwa nyuzi ndogondogo zenye hisia kali, ndiyo maana punje moja ya mchanga kwenye wali inakufanya usimamishe kutafuna papo hapo. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Hakihisi kikiumizwa, na fizi iliyokizunguka haishiki kwa nguvu ile ile, hivyo uchafu ukitulia pembeni yake, vijidudu hushuka na mfupa huanza kuliwa kimyakimya, bila maumivu ya kumkumbusha mwenyewe. Mvutaji wa sigara yuko kwenye hatari kubwa zaidi, na mwenye kisukari kisichodhibitiwa vilevile. Zaidi ya hao wote ni yule aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi ambao bado haujatibiwa: ugonjwa uliomng'oa jino la kwanza unamngoja na la pili. Kazi ya daktari nayo ni ya kupima kwa digrii. Eriksson na Albrektsson walionyesha mwaka 1983 kuwa mfupa ukipashwa joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu hudhurika, na keekee inayozunguka bila maji ya kutosha ya kupooza inafika hapo haraka. Mfupa uliounguzwa haushikani na titani. Kipandikizi kinaweza kulegea wiki kadhaa baadaye, na mgonjwa akaambiwa mwili wake umekikataa.

Kijana: Mnazungusha maneno. Kila kitu kipya huanza kwa wenye nazo kisha kikashuka. Simu ya mkononi ilikuwa ya mabosi, leo iko mfukoni mwa mchunga mbuzi. Waacheni matajiri wapandikize, bei itateremka yenyewe mpaka kwa Bibi.

Simu ilishuka bei kwa sababu kiwanda kimoja kinaweza kutoa mamilioni zilizo sawasawa, na mnunuzi hahitaji fundi wa kumwekea sikioni. Katika kipandikizi, chuma chenyewe ni sehemu ndogo ya bili. Kinacholipiwa ni saa za daktari aliyesomea upasuaji, picha ya taya, chumba safi, kazi ya fundi wa maabara, miezi mitatu hadi sita ya kungoja mfupa ushike, kisha kurudi na kurudi tena. Mikono haishuki bei kama simu. Ikilazimishwa kushuka, hupunguzwa muda: ugonjwa wa fizi hautibiwi kwanza, keekee inakimbizwa, mgonjwa haitwi tena. Ndugu zetu wanaoishi Ulaya wanaona mfano wake katika safari za kwenda Uturuki kufanyiwa meno yote kwa wiki moja na kurudi. Wapo wanaohudumiwa vizuri huko, tena sana. Shida hujitokeza mwaka wa tatu, skrubu inapolegea na daktari wa London au Stuttgart haijui ni ya kampuni gani, kwa kuwa duniani kuna watengenezaji wengi mno na bisibisi ya mmoja haiingii kwenye skrubu ya mwingine. Na soko likiachiwa wenye nazo peke yao, litajifunza kufanya meno ya juu ya mbele kwa ustadi mkubwa na halitajifunza kamwe taya la chini la mzee, kwa sababu mzee hatokei kwenye tangazo na mfukoni hana kitu.

Bibi mwenyewe ana swali linalobaki, nalo ni la msingi kuliko ya wote: vishikizo vikilegea nani atavibadilisha? Kwa maana vinalegea. Vile vipira vya nailoni vinavyobana kichwa cha kipandikizi huchakaa na huhitaji kubadilishwa mara kwa mara, na hapo ndipo mpango wowote wa hisani unapofia, daktari mgeni akishaondoka na sanduku lake. Hivyo hospitali ya umma inayoanza kazi hii ianze kwa kuchagua mfumo mmoja wa vipandikizi na kubaki nao, iweke akiba ya vipira na skrubu kama inavyoweka akiba ya ganzi, na imfundishe tabibu wa meno wa wilayani kubadilisha kipira, kazi isiyohitaji upasuaji. Kila aliyepandikizwa, awe Bibi wa rufaa au mteja wa kliniki ya ghorofani, apewe kadi iliyoandikwa jina la mtengenezaji, kipimo cha kipandikizi, tarehe na mahali kilipowekwa. Kliniki isiyotoa kadi hiyo, mteja ana haki ya kuidai kabla hajamalizia kulipa salio.